Siku Nakunda Alipozima Ripita

Redio ya kulia ilikuwa inapiga kelele, na redio ya kushoto ilikuwa inaongea kwa upole, na sauti katika zote mbili ilikuwa ya kaka yake.

Nakunda Mgonja alidhani masikio yanamchezea. Alikuwa ndani ya kibanda cha mitambo, chini ya mnara wa Ighunga, mvua ikilitwanga bati kwa siku nyingi sasa kana kwamba bati limeiba. Redio ya kushoto ilikuwa ya kawaida, kama ile iliyokuwa kiunoni mwa kila mtu katika milima ya Upare tangu mitandao ya simu ilipokufa na watu wakarudi kwenye redio za upepo. Ilisikia kile tu ambacho ripita ya mnara ilikitoa. Ya kulia ilikuwa ya mafundi. Alikuwa ameiweka kwenye masafa ya kuingilia, yale ambayo ripita huyatumia kusikiliza, ili apime kama maji yamepenya kwenye waya wa antena. Ilikuwa kazi ya kupigia miayo, na ndivyo alivyokuwa akifanya mpaka kaka yake Mbonea, mlinzi wa ndiva, lile bwawa la mifereji lililo juu ya kijiji cha Mkolele, alipoingia hewani.

"Ukuta umepasuka!" ilisema redio ya kulia. "Yeyote anayenisikia, ndiva inakwenda! Tope linatoka chini ya mawe ya kati, naingiza mkono wote! Watoeni watu Mkolele! Watoeni sasa hivi, jamani, ova!"

"Ukuta una ufa mdogo," ilisema redio ya kushoto, nyuma kwa nusu pumzi tu. "Yeyote anayenisikia, ndiva inafuatiliwa. Tope kiasi limeonekana. Watu wa Mkolele wakae tayari kwa taarifa zaidi. Ahsanteni, ova."

Ilikuwa sauti ileile, na kile kikwazo chake cha kumeza mate kabla ya kutamka Mkolele. Maneno ndiyo yaliyobadilika.

Nakunda aliweka bisibisi mezani taratibu sana, kama mtu aliyeona nyoka.

"Bwana Semboja," akasema. "Hebu njoo usikie kitu."

Bwana Semboja alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Alikuwa mkaguzi kutoka Bodi ya Mawasiliano, mtu wa Korogwe, aliyepanda mlimani kwa ukaguzi wa siku moja na barabara ikaporomoka nyuma yake. Alikuwa mtu wa adabu. Tangu akwame hapo alikuwa akiosha vyombo vyake mwenyewe, na Nakunda alikuwa ameanza kumpenda kidogo.

Mbonea aliita tena. Wakasikiliza wote wawili. Kulia mtu analia, kushoto mtu anatoa taarifa.

"Tuliambiwa inaondoa hasira," Nakunda akasema. "Mlisema hivyo nyie wenyewe, mkatubandikia mpaka kwenye milango ya makanisa na misikiti. *Mtulizi huondoa hasira, haigusi habari.* Hii ni hasira, Bwana Semboja? Mtu anaingiza mkono kwenye ukuta wa bwawa, hiyo ni hasira?"

Semboja aliinama, akasogeza sikio kwenye redio ya kulia.

*

Ukweli usemwe: watu wa milimani waliipenda Mtulizi. Ilikuwa mashine ndogo tu, iliyokaa katikati ya sikio la ripita na mdomo wake. Ripita yoyote ni sikio na mdomo. Sikio liko masafa ya chini, mdomo uko masafa ya juu kidogo, na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana masafa lazima yawe mawili, la sivyo mdomo ungeliziba sikio kwa kelele zake. Redio ya mkononi haina nguvu ya kuvuka mlima. Inafika inakoona, basi. Lakini ikilifikia sikio la ripita kileleni, ripita inalitoa neno upya kwa nguvu kubwa, na mtu wa Vuamba anaongea na mtu wa Mkolele kana kwamba wamekaa jiko moja.

Bodi ilipoiweka Mtulizi katikati, neno liliingia na ukali likatoka bila ukali. Walevi wakasikika wastaarabu. Wake wenza wakawa wanaombana samahani. Mpare aliyekuwa tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, alijikuta redioni akimwambia jirani kwamba kuku ni kitu gani baina yao. Mahakama ya mwanzo ilibaki haina kazi, hakimu akaanza kufuga nyuki. Nani angelalamika?

Kilichopigwa marufuku ni njia ya zamani, redio kwa redio bila kupitia mnarani. Kila redio ilikuwa na kitufe cha ubavuni kwa kazi hiyo, watu walikiita ana kwa ana, na kila kitufe kilifungwa kwa lakiri ya Bodi. Ukikata lakiri, unapoteza zamu yako ya maji msimu mzima. Katika nchi ya mifereji, hiyo ni sawa na kuambiwa ukale vumbi.

Nakunda alikuwa fundi mkuu wa Ighunga. Alisomea masafa, akayafundisha, na kwa mkono wake alikuwa amefunga lakiri nyingi kuliko mtu yeyote mlimani. Sasa alinyakua redio ya kushoto, akabonyeza kitufe cha kawaida.

"Mkolele, Mkolele, huyu ni Nakunda! Ndiva ya Vuamba inapasuka! Acheni vyungu motoni, acheni mifugo, tokeni! Mama, unanisikia? Tokeni!"

Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio ya akiba iliyokuwa rafuni, tamu kama ya mtangazaji wa vipindi vya watoto. "Ndugu zangu wa Mkolele, huyu ni Nakunda. Ndiva ya Vuamba inahitaji uangalizi. Mnashauriwa kuweka vyungu na mifugo vizuri. Mama, natumaini unanisikia."

Kisha mama yake, aliyekuwa mshika redio wa Mkolele, akajibu: "Ahsante sana, mwanangu mpendwa. Tunasubiri taarifa."

Nakunda akairudisha redio mezani. Katika maisha yake yote mama yake hakuwahi kumwita mwanangu mpendwa. Alimwita *wewe*. Mungu peke yake ndiye aliyejua yule mama alisema nini hasa, huko nyuma ya mlima ambako redio ya kulia haikuweza kumsikia.

*

"Itoe Mtulizi," akasema. "Itoe, ripita ibaki tupu."

"Siwezi," Semboja akasema. "Unalijua sanduku. Limechomelewa. Ufunguo wa mitambo uko wilayani, na barabara haipo. Kulikata kwa msumeno ni kazi ya kutwa nzima."

"Basi nitafunga redio yangu kwenye antena ya juu."

"Waya wa antena ya juu unaingia humohumo sandukuni."

Nakunda alijua. Alilifunga mwenyewe. Alitazama nje, radi ikapasua mawingu juu ya mnara, na wazo la kupanda na redio mfukoni likafa kabla halijazaliwa. Palibaki kitu kimoja alichoweza kukifikia kwa mkono, nacho kilikuwa swichi kubwa ya betri, nyekundu, ukutani.

Semboja aliona macho yake yalikoelekea. Akasimama kati yake na ukuta, kikombe bado kimo mkononi.

"Nakunda. Dada. Nisikilize kwanza. Ukiizima haiwaki tena bila ufunguo. Zahanati zote mlimani zitakuwa bubu, kwa mvua hii."

"Najua."

"Na si hilo tu." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Daraja la Mkolele ni lilelile la kamba. Miaka ile mtu alipiga kelele redioni, kimbieni, maji yanakuja. Maji hayakuwepo. Watu waliingia darajani wote kwa pamoja. Mke wangu alikuwa mgeni kijijini siku ile, akawa katikati. Hakuzama, Nakunda. Alikanyagwa. Mimi ndiye niliyeiomba Bodi itafute dawa ya kelele, na hii ndiyo dawa waliyoipata. Leo ukiwapigia kelele za kweli, watafanya nini? Wataingia darajani wote kwa pamoja."

Hapo Nakunda alishikwa. Hasira ingemtosha kumsukuma mtu mwongo, lakini huyu hakuwa mwongo. Alikuwa anasema jambo lililotokea. Ukiwaambia watu wa Mkolele kweli, daraja litawaua. Ukiwanyima, tope litawazika wakiwa wamekaa wanakoka moto. Alisimama pale akiuchukia ukweli kwa kuwa na ncha mbili, na redio ya kulia ikaendelea kulia, "Kuna mtu? Kuna mtu ananisikia kweli?"

"Bwana Semboja," akasema polepole, "nyie watu wa chini mnaitana vipi kwenye kazi ya kijiji?"

"Tunapiga ngoma."

"Sisi tunaitana kwa msaragambo. Mpiga mbiu hasemi *njooni*. Akisema njooni, Mpare atauliza kwa nini mimi na siyo jirani. Anaita ukoo mmoja mmoja kwa jina, anauambia kazi yake, na ukoo unamrudishia maneno yale yale kabla hajaita wa pili. Asiyerudisha neno, hakuitwa. Kazi inakwenda kwa mpango, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nyie mlitafuta dawa ya kelele. Hamkutuuliza kama tunayo."

Semboja alisogea tu, hatua moja, na Nakunda akaishusha swichi nyekundu.

Taa za ripita zikazimika. Feni yake ikazunguka kidogo, ikachoka, ikanyamaza. Katika mabonde yote ya Upare watu walitazama redio zao.

*

Alikata lakiri ya redio yake kwa koleo, akabonyeza kitufe cha ubavuni. Kitufe kile kilikuwa na ujanja mmoja: kiliifanya redio itoe neno kwenye yale masafa ya juu, masafa ya mdomo wa ripita. Kwa hiyo asikiaye hakuhitaji kugusa kitu. Redio yake ilikuwa tayari inasubiri mahali pale. Kujibu ndiko kulikohitaji kukata lakiri.

Kutoka kibandani, redio yake iliiona Vuamba na ukuta wa ndiva, basi. Mkolele ilikuwa kivulini, nyuma ya mgongo wa mlima. Lakini Vuamba iliiona Bega la Nderu, kile kijukwaa cha mawe juu ya bonde, na Bega liliiona Mkolele chini yake. Hakuna aliyeishi Begani. Hata mbuzi walipakwepa.

"Nipe redio ya akiba," Semboja akasema. Alikuwa ameshavaa koti la mvua.

"Utakata lakiri? Wewe?"

"Njia ya kwenda Begani ni ile ya nyuma ya mikaratusi?"

"Hiyo hiyo. Kimbia."

Akakimbia, mtu mzima na viatu vyake vya ofisini, akiteleza na kuinuka. Nakunda akaita Vuamba. Aliyeshika redio pale alikuwa Namsifu, mke wa Mbonea, wifi yake.

"Namsifu! Huyu ni Nakunda, nimezima ripita, naongea ana kwa ana. Kata lakiri unijibu. Ndiva inapasuka!"

Hakuna jibu. Akaita tena, akalia sasa, sauti ikimpasuka. Baada ya muda mrefu uliotosha kuzeesha, ikaja, kwenye redio ya kulia, sauti ya tahadhari ya mtu ambaye hajakata lakiri.

"Anayeongea, redio yako ni mbovu. Inakwaruza. Sauti inatoka kama mtu anayelia. Ipeleke kwa Nakunda akaitengeneze."

Miaka yote ile hakuna aliyesikia kilio redioni. Kwa watu wa mlimani kilio kilikuwa ubovu wa mitambo. Nakunda alitaka kucheka na kujigonga kichwa ukutani, kisha akajua la kufanya. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mtulizi isingekipitisha hata kwa bahati mbaya.

"Namsifu binti Mbwambo," akasema, "makande yako mbwa wa mama aliyanusa akahama nyumba. Kaka yangu alikuoa gizani, na taa ilipokuja akaomba izimwe. Nimesema!"

Namsifu akashusha pumzi ndefu.

"Wifi!" akapiga ukelele. "Ni wewe kweli! Mungu wangu, na ndiva ni kweli?"

"Ni kweli. Kata lakiri sasa, na usilie bado, tutalia baadaye. Shika neno, unirudishie, halafu umpe Semboja akifika Begani, naye ampe mama. Wagonja kwanza, wenye watoto mgongoni, waingie darajani kwa mstari mmoja. Wa mwisho akifika ng'ambo, mama arudishe neno. Kisha Washana. Kisha Wambwambo. Wasuya mwisho, ndio wako karibu na daraja. Mtu asiingie kabla ukoo wake haujaitwa."

Namsifu akarudia. Alikosea mahali pamoja, Nakunda akamsahihisha, akarudia tena, yote, bila kupungua wala kuongezeka. Kisha, kwa mbali sana, Namsifu akasikika akiita Bega la Nderu.

Nakunda hakuweza kusikia Bega. Hiyo ndiyo shida ya njia ile: unalikabidhi neno kwa jirani na unabaki na mikono mitupu. Akasubiri huku akiuma kucha.

"Semboja amefika," Namsifu akasema. "Anahema kama ng'ombe. Amerudisha neno lote. Anasema mama yako amekata lakiri kwa meno, na amemuuliza yeye ni nani hata awapange watu wake. Semboja amemwambia, mimi ni mume wa yule aliyekufa darajani. Sasa anawaita Wagonja."

*

"Nakunda." Ilikuwa sauti ya Mbonea. Na yeye alikuwa amekata lakiri. "Nimewasikia. Huyu ni wewe, au ni ile mashine?"

"Ni mimi, kaka."

"Sawa." Akameza mate. "Basi naogopa."

"Nakusikia."

"Tangu asubuhi nasema naogopa, na watu wananijibu hongera kwa kazi. Nilidhani nimeshakufa, naongea nikiwa upande wa pili." Akacheka, kicheko kibaya. "Nimeufungua mlango wa maji, lakini mnyororo umekatika. Nauzuia kwa bega na mtaimbo. Nikiuacha unashuka, maji yote yanaegemea pale penye ufa."

"Wagonja wamevuka," Namsifu akatoa taarifa, kwa sauti iliyokauka. Alikuwa anasikia yote. Vuamba iliiona ndiva kama ilivyouona mnara. "Washana wako darajani. Hakuna anayekimbia. Semboja anasema wanakwenda kama watu wa kanisani."

"Mbonea, ondoka sasa," Nakunda akasema.

"Nani amebaki?"

Hapo ndipo Nakunda alipoielewa Mtulizi. Aliielewa kabisa, mpaka mifupani. Neno la kuokoa kaka yake lilikuwa mdomoni mwake, fupi, laini, tayari. *Wote wamevuka.* Nani angemlaumu? Mbonea angeshuka ukutani, angemkuta mke wake Vuamba, angekuwa hai. Na darajani wangekuwa watu ambao hakuwaona, watu wa ukoo mwingine. Mashine ile haikuwa shetani. Ilifanya tu kile ambacho moyo wake ulikuwa unamsihi akifanye sasa, ila iliwafanyia watu wote kila siku bila kuwauliza.

"Nakunda. Nani amebaki?"

"Washana wanamalizia," akasema. Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyafuta. "Wambwambo bado. Wasuya bado."

"Ahsante," Mbonea akasema. "Hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa."

"Ondoka tu, kaka. Nakuomba."

"Namsifu, uko hapo?"

"Nipo," Namsifu akasema. "Nakusikia, mume wangu. Nasikia hata meno yako."

"Wewe ungeniambia niondoke?"

Wambwambo walikuwa ukoo wa Namsifu. Shangazi yake aliishi kule, na wadogo zake wawili.

"Ningekuambia," akasema. "Nimeshakuambia moyoni mara nyingi. Lakini nina neno la Semboja hapa, lazima nilipitishe. Washana wamevuka. Wambwambo wanaingia."

"Pitisha," Mbonea akasema.

Kuanzia hapo hakuongea sana. Kila mara alibonyeza kitufe tu, wakasikia pumzi yake na chuma kikisaga jiwe, wakajua bado yuko. Alisema mara moja kwamba bega limekufa ganzi, na hilo ni afadhali. Alisema tena anaogopa, na wote wawili wakamjibu kwamba wamesikia. Namsifu akasema Wambwambo wamevuka. Akasema Wasuya wanaingia, wana mzee anayebebwa kwenye kitanda. Akasema kitanda kimefika katikati.

"Kaka, wako katikati," Nakunda akasema.

Kitufe kikabonyezwa. Walisikia sauti pana, kama lori linalomwaga kokoto, kisha hakukuwa na kitu chochote, wala pumzi, wala chuma.

"Mbonea," Namsifu akaita. "Mbonea. Mbonea, ova."

*

Neno lilirudi kupitia Bega baada ya tope kupita. Semboja alilitoa kwa mama, akampa Namsifu, na Namsifu, ambaye sauti yake ilikuwa haina tena chini wala juu, akampa Nakunda.

"Daraja limekwenda. Mkolele imefunikwa mpaka kwenye mapaa. Watu wote wako ng'ambo, Wasuya wote, na kitanda. Mama anauliza, Mbonea yuko wapi."

Nakunda aliishika redio kwa mikono miwili.

"Namsifu, weka redio chini. Nitamngoja Semboja arudi, nitamtuma yeye."

"Hakuna mtu mwingine anayeuona mnara na Bega," Namsifu akasema. "Nipe neno, wifi. Usinipangie pa kulisikia."

Kwa hiyo akampa. "Mwambie mama, Mbonea amekufa ukutani. Alikuwa anashikilia mlango wa maji. Aliniuliza nani amebaki na mimi nikamwambia ukweli, ndiyo maana hakuondoka."

Desturi ilikuwa ileile kwa kila neno, la harusi au la msiba. Lirudishwe kwanza, ndipo lipite. Nakunda alisubiri. Alifikiri Namsifu hatajibu, na angemwelewa. Kisha redio ikakwaruza.

"Nakurudishia," Namsifu akasema. Alikuwa analia wazi, kwa sauti kubwa, na kila neno lilitoka zima. "Mbonea amekufa ukutani. Alikuwa anashikilia mlango wa maji. Alimuuliza Nakunda nani amebaki, naye akamwambia ukweli. Ndiyo maana hakuondoka. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Nalipitisha."

Akaligeukia Bega. Nakunda akamsikia akiita, mara moja, mara mbili, akilisema tena tangu mwanzo kwa mtu wa Korogwe aliyesimama juu ya jiwe kwenye mvua, akimsubiri amrudishie. Alimsahihisha mahali. Semboja alikuwa amesema *amefariki*, naye akamwambia hapana, amekufa, sema kama ulivyopewa.

Jibu la mama lilipofika lilikuwa fupi. "Amesikia. Anasema usimpe pole kwa redio. Uende mwenyewe."

"Mwambie nitakwenda," Nakunda akasema. "Nikimaliza hapa."

*

Semboja alirudi kibandani tope limemfika kiunoni, kiatu kimoja hakipo. Alimkuta Nakunda amelilaza sanduku la ripita sakafuni, msumeno wa chuma mkononi, anakata mshono wa kwanza. Vumbi la chuma lilikuwa linaanguka kwenye sakafu yenye maji.

"Watoto wa Mkolele wamelowa, wengine wana homa," Semboja akasema. "Zahanati zinahitaji ripita."

"Watapata ripita. Sikio na mdomo, na kipande cha waya katikati. Anachokisema mtu ndicho kitakachotoka. Akitukana, litoke tusi. Akilia, kitoke kilio."

"Na watakaowatia watu hofu ya bure? Wapo, Nakunda. Nilimzika mke wangu kwa ajili ya mmoja wao."

"Wapo," akakubali. "Tutawajua kwa sauti zao. Tutawauliza, watatujibu, na wakidanganya tutawashtaki kwa majina. Bora mwongo ninayemsikia."

"Wewe ndiye wa kwanza watakayemshtaki. Umezima mtambo wa serikali, sasa unaukata. Watakufikisha mahakamani."

Nakunda aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na kwa mara ya kwanza siku ile alikaribia kutabasamu.

"Bwana Semboja, mimi ni Mpare. Mahakamani ni nyumbani kwetu. Waniite. Nitawarudishia Mbonea alivyosema na mlivyomtoa, vyote viwili, mbele ya hakimu na nyuki zake. Nitauza ng'ombe wote."

Akarudi kwenye mshono. Sanduku lilikuwa linayumba, msumeno unateleza kila mara. Semboja akalivua koti lililokuwa likidondosha maji. Kisha akapiga magoti kwenye tope lake mwenyewe, akalikumbatia sanduku kwa nguvu lisitikisike, na Nakunda akaendelea kukata.